Dakika Mia za Sili

Nilipochomoa kijiko chenye mpini ulioungua, Hamdu Ngwali alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Pole, Dada Naetwe," alisema akijifuta ndevu. "Magamba yamekuangukia wewe."

Nilikigeuza kijiko mkononi nikiomba yawe masizi tu, yafutike. Hayakufutika.

Kituoni kwetu, huku kwenye barafu ya kusini, viti vya ulinganisho, yaani shauri la kuamua kiumbe yupi ampishe mwenzake, hugawanywa kwa vijiko. Mkuu wa Kituo hutumbukiza vijiko viwili ndani ya birika tupu, mipini ikiwa chini, na wasemaji wawili huchomoa kimoja kimoja. Mwenye kijiko kizima humsemea kiumbe wa kwanza katika fomu, mwenye kilichoungua humsemea wa pili. Safari hii wa kwanza walikuwa sili wa Weddell wa Ghuba Nyembamba, wanyama wa bahari ya barafu wanaopumua hewa kama sisi. Wa pili ilikuwa kuvumwani nyeusi ya Mwamba wa Kumi, ambayo ni kuvu na mwani vilivyoungana vikaishi kama kitu kimoja, bapa, kikavu, kilichong'ang'ania jiwe. Sisi tuliiita magamba, na kusema kweli hakuna aliyeihesabu kuwa kiumbe.

Mimi nilikuwa nimewalinda sili wale kwa misimu kumi na moja. Mama zao wote hamsini na watatu niliwajua kwa makovu ya shingoni. Nilikitaka kijiko kizima kuliko nilivyowahi kutaka cheo.

"Mama, hebu tubadilishane," nilimwambia Mkuu wetu, Mama Tusekile Mwakalobo. "Hamdu hawajui hata hao sili. Yeye ni mtu wa mabomba."

"Kijiko ni kijiko," alisema Mama Mwakalobo, akilirudisha birika lake kabatini. "Una wiki mbili. Siku ya kwanza ya shauri utayasemea magamba. Siku ya pili mtabadilishana viti kama kawaida, hapo utawasemea sili wako mpaka sauti ikukauke. Siku ya tatu naamua."

Kisa chenyewe kilikuwa bomba. Mtambo wetu hugandisha maji yaliyo chini ya barafu kuu ili barafu hiyo isiteleze ikaingia baharini. Ikiteleza, Tanga, Beira na miji mingine ya pwani ambayo bado imesimama nyuma ya kuta zake itakwenda na maji. Kwa hiyo mtambo hauzimwi. Lakini ukigandisha hapa, joto lazima ulitoe pale, kama friji inavyochemka mgongoni, na mwaka ule tuliongezewa mashine ya tatu na joto lake lote. Kabla ya majira ya baridi bomba jipya lingeweza kufika sehemu mbili tu. Likielekezwa ghubani, barafu ya ghuba ingeyeyuka, na juu ya barafu ile ndipo sili wanapozalia. Likielekezwa Mwamba wa Kumi, jiwe lingekuwa na joto na majimaji mwaka mzima, na magamba yangeoza.

Fomu ina maswali sita, ila mawili ya kwanza ndiyo yanayoua. La kwanza: ni hai? Jibu hutolewa na Kipimapumzi, sanduku la kioo linalowekwa juu ya kiumbe au tundu lake na kusoma hewa inayoingia na kutoka. Asiyepumua amekwisha, maswali mengine hayaulizwi. La pili: anaweza kuhama? Wakiwa hai wote wawili, anayeweza kuhama humpisha asiyeweza. Miamba tisa ilikuwa imepita mbele ya fomu ile, na yote tisa ilipata sifuri katika swali la kwanza. Mabomba yakaelekezwa huko, nasi tukalala usingizi mzuri.

*

Nilikwenda Mwamba wa Kumi nikiwa nimenuna. Niliweka Kipimapumzi juu ya kiraka kikubwa kuliko vyote, nikakalia begi langu, nikanywa uji wa ulezi kutoka kwenye chupa, nikasubiri dakika mia zinazotakiwa. Kengele ikalia. Sifuri. Nilifurahi, sitaficha. Nilijiona siku ya shauri nikisimama mbele ya Mama Mwakalobo na kusema, "Mteja wangu ni jiwe, naomba niketi," na sili wangu wakabaki na ghuba yao.

Tatizo langu ni kwamba kazi siwezi kuifanya nusu. Marehemu baba aliniambia ni ugonjwa wa Wapare wa Usangi, nami nikamwambia ni ugonjwa wake yeye. Nilitoa kioo cha kukuzia nikapiga magoti.

Kiraka kile kilikuwa na upana wa kitumbua. Wataalamu waliotutangulia walikuwa wamekwisha pima jinsi magamba yanavyokua: milimita moja kwa miaka mia. Nilipiga hesabu, nikairudia kwa sababu sikuiamini. Miaka elfu sita. Nikasogeza kioo ukingoni mwake. Pale jiwe lilikuwa limelegea, chembe moja moja zimetoka, na nyuzi nyembamba za kuvu zimeingia katikati ya chembe zile. Nililigusa kwa ukucha likamung'unyika. Hatua moja pembeni, pasipo na magamba, jiwe lilikuwa gumu hata kisu kingeteleza.

Nilikaa pale kwa muda nikiwa na kinyongo na kile kitumbua. Kitu kilichokufa hakili jiwe.

*

Siku nne zilizofuata nilikuwa stoo ya kumbukumbu, nikisoma taarifa za miamba tisa. Zote zilifanana: sanduku, dakika mia, sifuri, saini. Mbili kati ya saini hizo zilikuwa zangu.

Siku ya nne nikakutana na Sanduku namba kumi na nne. Miaka minane nyuma watu wetu waliliacha juu ya Mwamba wa Sita baada ya dhoruba kuwakimbiza, na hakuna aliyekumbuka kulizima. Lilikaa pale miezi kumi na minne likipima bila kupumzika. Betri yake ilikuwa ya jua, yenye akiba ya kutosha giza lote la majira ya baridi. Waliporudi kulichukua, programu ilikata kipimo kile kirefu katika vipande vya dakika mia mia, kama ilivyoamriwa. Kila kipande kilikuwa na pumzi ndogo kupita kiasi, chini ya kiwango, kwa hiyo kila kimoja kiliandikwa sifuri. Zaidi ya sifuri elfu sita, zimepangwa safu moja. Karani akazijumlisha akapata sifuri, akaniletea nikatia saini.

Nilichukua kipimo kibichi, kile cha kabla ya kukatwa, nikakitandaza kwenye skrini mwaka mzima bila kukikata. Ilinichukua robo saa.

Mstari ulilala chini Aprili, Mei, Juni, mpaka Oktoba. Novemba ukanyanyuka kidogo. Desemba, adhuhuri, theluji ilipoyeyuka juu ya jiwe jeusi na kulilowesha, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena siku iliyofuata. Saa chache mchana, kisha kimya cha siku tisa, kisha saa chache tena. Ni pumzi. Sikuwa na namna nyingine ya kuiita. Kwa mwaka mzima yale magamba yalipumua kama saa mia moja na thelathini, basi. Muda uliobaki yalingoja.

Sasa niseme kuhusu zile dakika mia, kwa sababu ni zangu.

Nilipofika kituoni nikiwa na miaka arobaini, Kipimapumzi kilisoma kwa dakika kumi tu. Tukilifunika tundu la barafu ambalo sili hupumulia, kinasema hakuna uhai, kumbe mama mzima yuko chini mita mia nne anafukuza samaki. Sili wa Weddell huweza kukaa ndani ya maji zaidi ya saa nzima kwa pumzi moja. Nilipiga kelele miezi mitatu. Niliandika barua, nikagombana na mafundi, nikaitwa mama wa masili. Mwisho wakanipa nafasi ya kulipanua mwenyewe dirisha la kipimo, yaani ule muda wa kusoma. Nilitafuta sili aliyekaa chini muda mrefu kuliko wote, nikaongeza dakika chache za tahadhari, nikaandika mia. Nikasherehekea kwa kujipikia makande.

Nilijua kabisa kwamba kukaa kimya si kufa. Nilikuwa mtu wa kwanza kituoni kulijua hilo. Nikalipanua dirisha mpaka likamtosha ninayempenda, nikalifunga. Nikiwa pale stoo nilijisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto.

*

Sheria inataka ushahidi uonyeshwe mpinzani siku tatu kabla. Nilimkuta Hamdu jikoni akikanda unga wa chapati, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, nikaiweka skrini mbele yake juu ya meza. Alisoma huku mikono imejaa unga. Alisoma mara ya pili. Kule kutania kukamtoka usoni polepole.

"Hii ya kweli, yakhe?"

"Kikague mwenyewe. Kipimo kibichi nimekuambatishia."

"Basi Mwamba wa Sita ulikuwa hai." Alivitazama viganja vyake vyenye unga. "Miye ndiye niliyechomea bomba la Mwamba wa Sita. Kwa mikono yangu hii."

"Saini ilikuwa yangu, Hamdu. Na dirisha langu."

Alivuta kiti akakaa, unga ukamwagikia suruali. "Dada Naetwe, hebu tulia unisikize. Ukiipeleka hii, swali la kwanza magamba yamepita. Swali la pili, magamba hayahami, ukiyabandua tu yamekwisha. Sili wanahama. Imetoka hiyo, ghuba inachemshwa. Ushafikiri watakwenda wapi?"

Nilikuwa nimefikiri. Kulikuwa na ghuba nyingine, mwendo wa kilomita mia tatu, yenye barafu nyembamba isiyokaa msimu mzima. Tuliwahi kuhamishia sili wengine huko kabla, mwaka wa mashine ya pili. Mama karibu wote waliishi. Watoto waliishi wanne katika kila kumi.

"Nimefikiri," nilisema.

"Na siku ya pili utakaa kiti cha sili. Miye nitakukamata kwa ushahidi wako mwenyewe, sina budi." Alinitazama kwa huruma niliyoichukia. "Bado siku tatu. Sijaona kitu miye. Ukiiondoa hiyo skrini hapa mezani, nakanda unga wangu."

Nawaambia ukweli, mkono wangu ulikwenda kwenye skrini. Niliwaza mama mmoja mwenye kovu kama mundu, ambaye mwaka ule alijifungua wa kwanza kuliko wote, na mtoto wake aliyekuwa hajajua bado kuogelea. Watoto wanne katika kumi. Kisha nikawaza ile stoo na sifuri zake elfu sita. Niliusukuma unga pembeni nikaiacha skrini palepale.

"Jiandae vizuri," nilimwambia. "Usije ukanihurumia siku ya pili."

*

Siku ya kwanza ilikwenda haraka. Ukumbi wa chakula ulijaa, watu thelathini na wawili na makoti yao. Hamdu alisema juu ya sili vizuri kuliko nilivyotegemea. Alieleza jinsi wanavyolikwangua tundu la barafu kwa meno yao ili lisizibe, msimu baada ya msimu, mpaka meno yanaisha, na wakikosa meno wanakosa hewa. Watu walitikisa vichwa. Sili ana macho. Ukimtazama, naye anakutazama, na hapo ubishi wote unakuwa mgumu.

Ikawa zamu yangu.

"Mteja wangu hana macho," nilisema, "kwa hiyo sitajaribu kuwaliza. Nitawalinganisha tu, maana ndiyo kazi mliyonipa. Sili anakwangua barafu ili aishi. Hii inakwangua jiwe ili iishi. Sili akiishiwa meno anakufa akiwa na miaka ishirini na kitu. Hii imekwangua miaka elfu sita na imeingia ndani ya jiwe kiasi cha unene wa kucha. Sili anazuia pumzi saa nzima, tunamwita hodari, tunambadilishia mitambo. Hii inaizuia miezi, tukaiita jiwe."

Nikaonyesha mstari wa Sanduku namba kumi na nne. Nikaeleza dirisha la dakika mia lilitoka wapi na nani aliliweka. Mtu mmoja nyuma aliguna. Mama Mwakalobo hakuandika chochote. Alikuwa amekiegemeza kidevu mkononi, ananitazama tu.

Siku ya pili tulibadilishana viti. Hamdu alitimiza nilichomwomba, hakunihurumia. Alichukua kipimo changu, akakisoma mwezi kwa mwezi, akauliza swali la pili kwa sauti ya juu, akalijibu mwenyewe: kuvumwani haiwezi kuhama, sili wanaweza. Niliwatetea sili kwa yote niliyokuwa nayo. Nilitaja watoto wanne katika kumi. Nilitaja barafu nyembamba ya ile ghuba nyingine. Nilisema kuhama kwa jina si kuhama kwa kweli ikiwa zaidi ya nusu ya watoto hawafiki. Sauti ilinikauka, kama Mama alivyotabiri, na sikuwa ninaigiza.

Nilipomaliza, Mama Mwakalobo aliinua kichwa.

"Msemaji wa sili," alisema. Wakati wa shauri haniiti jina. "Kesi yote imesimama juu ya kipimo kimoja. Wewe ndiye unayekijua Kipimapumzi kuliko mtu yeyote hapa. Una pingamizi lolote juu ya kipimo cha mwaka mzima?"

Nilisikia feni ya jikoni ikizunguka.

Pingamizi nilikuwa nalo, na lilikuwa la kweli. Sanduku moja. Mwamba mmoja, tena si huu. Mwaka mmoja. Hakuna mtaalamu mahali popote aliyewahi kukithibitisha kipimo cha namna ile. Ningesema maneno hayo manne, Mama angelazimika kukiweka kando, dirisha la dakika mia lingerudi, na kabla jua halijazunguka bomba lingeelekea mwambani. Hakuna ambaye angeweza kuniita mwongo. Hata Hamdu alikuwa ameinamisha kichwa akilisubiri. Nilikuwa katika kiti cha sili, kazi yangu ilikuwa kuwapigania, na silaha ilikuwa mkononi.

Lakini nilikuwa nimekwenda Mwamba wa Kumi kwa miguu yangu na kulimung'unyua lile jiwe kwa ukucha. Nilijua. Na mwamba wa tisa, na wa nane, na wa saba, mpaka wa kwanza, iliuawa yote na watu waliosema maneno ya kweli wakayaishia pale yalipowafaa. Mmoja wao ni mimi. Nilimpenda yule mama mwenye kovu la mundu, nampenda mpaka sasa. Nilipiga moyo konde.

"Sina pingamizi," nilisema.

"Rudia, wakusikie wote."

"Kipimo ni sahihi. Dirisha la dakika mia ndilo lililokuwa na kosa. Naomba iandikwe hivyo kwa miamba yote tisa, na jina langu liwekwe."

Mama Mwakalobo akaichukua kalamu. "Itaandikwa," alisema. Hakungoja siku ya tatu. Bomba liende ghubani, sili wahamishwe katika wiki sita tangu lifunguliwe, kabla barafu haijaisha, na kuanzia siku ile hakuna kiumbe atakayeulizwa swali la kwanza kwa chini ya mwaka mmoja.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka wakinipisha mlangoni kama ninayetoka msibani.

*

Kwa desturi yetu msemaji aliyeshindwa siku ya pili ndiye anayefungua bomba, ili asije akasema alionewa. Kwa hiyo bomba lilipofika ghubani nilikwenda mimi. Hamdu alikuja pia, ingawa hakuitwa, akakagua viungo vyote vya bomba mara mbili. Kisha akasogea pembeni.

Gurudumu la valvu lilikuwa gumu. Nililizungusha kwa mikono miwili mpaka likafika mwisho. Chini ya barafu maji ya moto yakaanza kutoka, tukayasikia yakinguruma miguuni petu. Tulisimama pale muda mrefu, labda saa nzima. Nilikuwa nimejiandaa kuwaona wakikimbia. Nilidhani watapiga kelele, watawavuta watoto, watanitazama mimi. Nilikuwa nimejikaza kwa ajili ya hilo, na nilikuwa tayari kulibeba.

Hawakukimbia. Mmoja mmoja, kutoka pande zote za ghuba, walikuja. Vichwa vikaanza kutokeza kwenye tundu lililo karibu na mdomo wa bomba, pale barafu ilipokuwa imeanza kulainika, viwili, vitano, kumi na viwili. Mama mwenye kovu la mundu alijivuta juu ukingoni, mtoto wake akimfuata kwa shida, wakajilaza wote wawili kwenye maji ya uvuguvugu yaliyokuwa yanatanda juu ya barafu. Walikuwa wanaijua harufu yangu na hatua zangu. Hawakuniogopa hata kidogo. Yule mama alivuta pumzi ndefu, akageuza tumbo, akafumba macho kwa raha.

Kwa raha yao sikuwa nimejiandaa. Nililia, na Hamdu akanipa kisogo ili nilie vizuri.

Kisha nikajifuta kwa kiganja cha glovu. Zilikuwa wiki sita, mama hamsini na watatu, na nilikuwa nimekwisha amua kwamba safari hii hawatafika watoto wanne katika kumi, watafika zaidi, hata kama nitalala nao kwenye maboksi ya kuwasafirishia njia nzima.

"Tunaanza na nani, Dada?" Hamdu aliuliza.

Nilimwonyesha yule wa mundu na mtoto wake.

"Lete machela," nilisema. "Tuwatoe sasa hivi, kabla hawajalizoea joto."